Naombeni ushauri: kifua kinabana siku za kazi tu, nasafisha mazulia

Dada_Mazulia
Habari zenu wakuu. Huu ni mwezi wangu wa nane kwenye kampuni ya kusafisha mazulia na masofa. Kazi naipenda na ndiyo inayomlea mwanangu, kwa hiyo naomba msiniambie tu "acha kazi".

Miezi mitatu sasa, Jumatatu hadi Ijumaa kifua kinabana, na usiku kikohozi kikavu kinaniamsha. Nikipumzika siku mbili kinaachia. Mwezi uliopita nilipata likizo ya wiki moja, nikalala usingizi wa pono kila siku. Nilirudi kazini Jumatatu. Jumanne usiku kikohozi hicho tena.

Dawa zinakuja kwenye madumu, msimamizi anatugawia kwenye chupa za maji ya kunywa na kuziandika kwa kalamu ya wino mzito. "1" ni ya kupulizia kabla, "2" ya kusuuza, na moja ina alama ya msalaba, hiyo ni ya madoa ya kutu. Nikiuliza ndani kuna nini, najibiwa "dawa". Wiki iliyopita tulikuwa kwenye chumba kidogo cha kulala, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua. Mwenzangu alikuwa amemwagia doa klorini, mimi nikapita juu yake na namba 2 bila kujua. Kilichotoka hapo kilitukimbiza nje, macho yanachuruzika. Msimamizi akasema fungueni dirisha, malizieni.

Barakoa tunazopewa ni za kitambaa. Hospitali nikaseme nini? Na nikikataa chupa isiyo na jina, nitakuwa na kosa?

Brashi_Ngumu
Pole sana dada. Mimi nina miaka 11 kwenye kazi hii. Mwanzoni nilikohoa hivyohivyo, baadaye mwili ukazoea. Vumilia, usije ukapoteza ajira kwa jambo litakalopita.

Nesi_Mstaafu
Brashi_Ngumu, miaka yako naiheshimu, ila hapa sikubaliani nawe. Pua ndiyo inayozoea harufu, mapafu hayazoei. Mtu akishapata mzio wa dawa fulani, hata kiasi kidogo kuliko cha mwanzo kinatosha kumbana, na kadiri anavyokawia kutengwa na dawa hiyo ndivyo nafasi ya kupona kabisa inavyopungua.

Dada, hayo uliyotuandikia, kwamba kinabana siku za kazi na kuachia siku za mapumziko, mwambie daktari kwa maneno hayohayo. Hiyo ni dalili kubwa ya pumu inayotokana na kazi. Ukisema "nina kikohozi" tu, utapewa dawa ya kikohozi na kurudi kwenye mvuke uleule. Ulizia kile kifaa kidogo cha kupuliza kinachopima kasi ya pumzi. Unapuliza angalau mara 4 kwa siku, kwa wiki 2 hadi 4, siku za kazi na za mapumziko, na kila namba unaiandika pamoja na saa. Namba zikishuka siku za kazi, daktari ana cha kushika mkononi.

Kuhusu kile chumba: dawa nyingi za kusuuzia mazulia zina asidi, ili kutuliza ukali wa ile ya kwanza. Klorini ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ikikutana na amonia hutoa kloramini. Zote zinachoma njia ya hewa, na mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye, wakati mtu anadhani ameshapona. Ikitokea tena tokeni nje, na anayeendelea kukohoa au kuhema apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Asirudi mtu ndani kumalizia kazi.

Fundi_Mvuke
Mimi nasimamia vijana sita kwenye kazi hii. Iliyonitia hofu ni chupa yenye msalaba. Baadhi ya dawa za kutu zina asidi ya haidrofloriki. Hiyo si asidi ya kawaida: inapenya ngozi, inafuata kalsiamu mwilini mpaka kwenye mfupa, na ikiwa hafifu maumivu yanaweza kuchelewa hadi siku nzima. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi zamani alikuwa na kitundu cha sindano kwenye glavu. Mchana hakusikia chochote. Usiku akaamka analia, ncha ya kidole imevimba na kugeuka nyeupe kama nta. Ikimwagika kwenye eneo kubwa la ngozi, inaweza hata kusimamisha moyo. Mahali inapotumika lazima iwepo jeli ya kalsiamu glukoneti, na aliyeguswa aoshe kwa maji mengi, apake jeli, aende hospitali bila kusubiri maumivu.

Kwa hiyo kesho usianze na ugomvi. Nenda stoo, piga picha lebo za madumu. Kisha omba karatasi ya taarifa za usalama ya kila dawa. Ina vipengele 16: cha 4 ni huduma ya kwanza, cha 8 ni glavu na barakoa inayofaa, cha 10 ni vitu visivyopaswa kukutana nayo. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke hata kidogo.

Mkipulizia, tumieni matone makubwa karibu na zulia, si ukungu unaoelea usawa wa uso, na rudini kinyumenyume kuelekea mlangoni. Na viatu, jamani! Walioanguka kwangu wengi waliteleza hatua ya kwanza tu, kutoka zulia lililolowa kwenda kwenye vigae.

Mtetezi_wa_Kazi
Kuhusu kukataa: Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 unataka alindwe mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya msingi. Unasema pia hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Sheria ya nchi yako ndiyo itakayosema utaratibu, kwa hiyo muulize mkaguzi wa kazi au chama cha wafanyakazi. Ila andika. Mtumie msimamizi ujumbe mfupi wa heshima: tarehe, chumba, kilichochanganywa, kilichowapata. Maneno ya mdomo hupotea.

Dada_Mazulia
Asanteni mno. Leo nimeingia stoo mapema. Dumu la chupa ya msalaba lina picha ya fuvu na ile ya mkono unaoliwa na asidi, na jina ni lilelile alilolitaja Fundi. Mikono ilinitetemeka. Nimewaonyesha wenzangu wote watano, tumekubaliana hakuna anayeigusa. Ujumbe nimemtumia msimamizi, amesoma, hajajibu. Kwa daktari naenda Alhamisi na picha zote.

Brashi_Ngumu
Nesi, nimesoma jibu lako mara mbili. Hicho kifaa cha kupuliza, hata mtu wa miaka 11 kazini anaweza kupimwa nacho? Kila asubuhi nakohoa nikiinama kufunga viatu. Nilidhani ni umri.

Nesi_Mstaafu
Anaweza, ndugu yangu. Nenda wiki hii.