Greatest Hits ya War (1976): inatosha au nitafute nyingine?

KijanaMagomeni
Wakuu habari za humu. Naomba msaada kwa wanaojua santuri. Kuna mzee hapa mtaani anahama, anauza vitu vyake, kwenye boksi lake nimekuta Greatest Hits ya bendi ya War, ile ya 1976, ganda limechakaa pembeni ila santuri yenyewe inang'aa. Hawa jamaa nilikuwa nawajua kwa Low Rider tu, ule wimbo unaoanza na kengele ko ko ko halafu besi inaingia, nimeusikia tangu mdogo kwenye muvi bila kujua wa nani. Juzi usiku nikauweka na hedifoni, nikaurudia mpaka saa nane. Sasa swali, hiyo santuri moja inatosha kuwajua au nitakuwa nimeonja tu? Na hii ladha ya Kilatini wameitoa wapi, maana kwenye picha naona karibu wote ni weusi wa Marekani na mzungu mmoja anapuliza hamonika.

MzeeWaSanturi
Mwanangu nenda kaichukue leo usisubiri kesho. Ina nyimbo 10 na hakuna hata moja ya kujazia nafasi. All Day Music, Slippin' into Darkness, The World Is a Ghetto, The Cisco Kid, Gypsy Man, ukigeuza unakutana na Me and Baby Brother, Why Can't We Be Friends?, hiyo Low Rider yako, na inafunga na Summer ambayo ilikuwa mpya kabisa, haikuwa kwenye albamu yoyote kabla ya hapo, na bado ikapanda mpaka namba 7 kwenye chati za Marekani. Bendi ngapi zinatoa mkusanyiko halafu wimbo mpya wa humo nao unakuwa hiti?

Ila kuna mambo mawili uyajue. La kwanza, hutaikuta Spill the Wine. Ule ni wa 1970, walipokuwa wanapiga na Eric Burdon yule mwimbaji Mwingereza aliyekuwa bendi ya The Animals, na ulifika namba 3. Burdon akawaacha katikati ya ziara ya Ulaya 1971, wakamaliza wenyewe, na mkusanyiko huu unaanzia hapo waliposimama kwa miguu yao. Ukiutaka na huo tafuta Anthology 1970-1994, ni sidii mbili.

La pili ndilo linaniuma. Hawa walikuwa wanaingia studio wanapiga tu, tepu inazunguka, saa zinaenda, halafu baadaye ndio wanakata kipande kinakuwa wimbo. The World Is a Ghetto kwenye albamu yake ya 1972 inapita dakika 10, humu imekatwa imebaki kama 4. Unasikia wanaingia, unasikia wanaimba, ile sehemu saksafoni inaongea peke yake mpaka unasahau uko wapi, hamna. Mimi ile albamu nzima ninayo, au niseme nilikuwa nayo, nilimwazimisha rafiki akaiacha juu ya dashibodi ya gari mchana kutwa, ikarudi imepinda kama chapati. Sindano ikifika pale inapanda na kushuka na sauti inayumba. Bado naipiga hivyohivyo.

BesiTaratibu
Mzee amesema ukweli mtupu. Niongeze upande wa ala maana nimepiga besi miaka kwenye bendi ya hoteli huku Mombasa na nyimbo zao tulizipiga sana, wageni walikuwa hawakai chini. B.B. Dickerson, mpiga besi wao, hapigi noti nyingi, hiyo ndiyo siri. Slippin' into Darkness ina besi ileile inarudi, inarudi, haikimbii, na ukimaliza kuisikiliza weka Get Up, Stand Up ya Bob Marley ya 1973 uniambie kama husikii undugu. Nilipokuwa najifunza nilidhani ni rahisi, kumbe kukaa pale pale dakika 7 bila kuharakisha ni kazi, vidole vinataka kwenda na lazima uvizuie.

Kitu kingine ukivaa hedifoni tena, sikiliza ile melodi ya Low Rider inayopulizwa. Ni watu wawili, Lee Oskar na hamonika, Charles Miller na saksafoni, wanapuliza noti zilezile kwa pamoja mpaka inakuwa kama ala moja ambayo haina jina. Huyo Lee Oskar ndiye mzungu wako, mzaliwa wa Copenhagen Denmark. Na ile sauti nzito inayoimba ni ya huyohuyo Miller.

RumbaNiMaisha
Mimi naona hiyo ladha ya Kilatini haina maajabu kwa sikio la kwetu. Sikilizeni tumba za Papa Dee Allen wa War, hiyo ni rumba kabisa. Santuri za GV zenye muziki wa Kuba zilifika Kongo zamani hizo, wanamuziki wa huko wakina Kabasele wakazichukua wakatengeneza yao, na midundo yenyewe ilikuwa imetoka huku Afrika na watumwa. Kwa hiyo War na sisi tumekunywa kisima kimoja.

DadaWaLA
Kaka RumbaNiMaisha kisima kwa mbali sana ni kimoja sawa, ila hawa hawakupata kwenye santuri za Kuba, walipata kwa majirani. Mimi naishi huku Los Angeles mwaka wa kumi na kitu, Long Beach walikoanzia niko karibu nako. Hapa weusi na Wameksiko wamekaa nyumba kwa nyumba tangu zamani, shule moja, duka moja, sherehe za jirani unazisikia ukiwa jikoni kwako. Howard Scott na Harold Brown wa War walianza bendi wakiwa vijana wa shule, na ukitaka kazi ya kupiga Jumamosi kwenye harusi ya Wameksiko lazima ujue nyimbo zao. Ndiyo maana The Cisco Kid ni habari ya shujaa wa Kimeksiko wa kwenye televisheni, na 1973 ilifika namba 2.

Na Low Rider wala si jina la kubuni. Low rider ni yale magari ya zamani, Chevrolet Impala hasa, yameshushwa chini karibu yaguse lami, yamewekwa pampu za haidroliki, dereva akibonyeza swichi gari linainama upande mmoja au linaruka mbele. Yanaendeshwa polepole makusudi, watu wanataka uone rangi. Ukisimama barabarani gari linapita taratibu na wimbo unapita taratibu, ndiyo utaelewa kwa nini ule mdundo hauna haraka. Miaka mingi miji mingi ya California ilipiga marufuku kuzungukazunguka na haya magari, polisi walikuwa wanawaandama hasa vijana wa Kimeksiko, mpaka sheria ya jimbo ikaondoa marufuku hizo kuanzia Januari 2024. Jumapili moja nimetoka kazini usiku kucha nimechoka, nimesimama kwenye taa nyekundu, pembeni yangu baba mtu mzima kwenye Impala ya zambarau na mjukuu wake kiti cha nyuma, Low Rider inalia, mtoto anagonga mlango kwa kiganja ko ko ko vilevile. Taa ikawaka kijani wala sikuondoka.

RumbaNiMaisha
Dada nimekuelewa, hilo la kwa majirani sikulijua. Tumba lakini siziachi, huyo Papa Dee mkono wake ni wa nyumbani.

MzeeWaSanturi
Huyo Papa Dee alifia jukwaani 1988, anapiga Gypsy Man. Iko upande wa kwanza wa hiyo santuri, wimbo wa mwisho. Na Miller aliuawa 1980. Baadaye waliobaki wakagombana mahakamani juu ya jina, Lonnie Jordan akabaki na War, wanne wengine wakaanza kujiita Lowrider Band. Watu waliokuwa wanaandika nyimbo na kusaini wote saba pamoja na prodyuza wao, inauma. Ndiyo maana nakwambia shika hiyo ya 1976, pale wote wapo.

KijanaMagomeni
Shikamoo mzee, na asanteni wote, dada wa LA hiyo ya mtoto nimeisoma mara tatu. Nimeipata, yule mzee aliponiona nimerudi mbio akanipunguzia na akanipa na kitambaa cha kufutia. Mashine sina nimeenda kwa mjomba, sindano yake nyepesi tukaweka sarafu ya mia juu ikatulia. Gypsy Man nimeisikiliza nikijua, tumba zinaingia halafu unamfikiria yule mtu. Mjomba ambaye hasikilizi kitu zaidi ya dansi akatoka chumbani kuuliza hawa ni kina nani, nikamwambia kaa.

Sasa natafuta The World Is a Ghetto nzima, ya dakika 10. Mwenye nayo Dar ambayo haijakaa kwenye dashibodi aniambie PM, naja kuichukua mwenyewe.