SALMA JUMAMOSI 🥋

*Shangazi Rehema amebadilisha jina la kikundi kutoka "Familia" kuwa "SALMA JUMAMOSI 🥋"*

JUMATANO

06:04 Shangazi Rehema: Amkeni. Siku zimebaki tatu Salma ashindane. Nataka majina ya wanaokwenda, na tunakwenda na gari la nani.

06:05 Shangazi Rehema: Kwa msiojua, jiu-jitsu ya Brazili haina ngumi wala mateke. Ni kuangushana, kubanana chini na kukabana mpaka mmoja asalimu amri. Mkanda mweupe, yaani wanaoanza kama Salma, wanacheza dakika 5. Ukichelewa utakuta ameshamaliza.

06:41 Shangazi Rehema: Mmesoma watu tisa. Mbona kimya?

07:30 Juma: Shangazi sasa mtu amekabwa koo anasalimu amri vipi

07:31 Shangazi Rehema: Anagonga kwa mkono, mara mbili au zaidi.

07:31 Juma: Kumbe hodi 😂

07:32 Zuhura: Mwenzake akijibu "subiri navaa" je 😂😂

07:33 Juma: Nimekufa 😂

07:40 Shangazi Rehema: Acheni upuuzi. Gari?

12:15 Shangazi Rehema: Salma, kata kucha za mikono na miguu, wanakagua. Ile gi, vazi la mchezo, ya zambarau iache nyumbani, wanakubali nyeupe, nyeusi au bluu tu. Na jana ulipima kilo ngapi?

13:50 Salma: Shikamoo Shangazi, nilikuwa kazini. 59.3 nikiwa na gi na mkanda.

13:51 Shangazi Rehema: Marahaba. Na mwisho wa kundi lako?

13:52 Salma: 58.5

13:52 Shangazi Rehema: Gramu 800! Hizo jasho tu. Ijumaa usiku usile, maji usiguse, vaa makoti mawili ukimbie.

14:10 Salma: Tunapimwa karibu na kuingia mkekani Shangazi, gi ikiwa mwilini. Sitapata muda wa kunywa maji nguvu zikarudi. Nikizidi natolewa, hakuna kupima tena. Kundi la juu ni mpaka 64. Mwisho wa kubadilisha ni leo saa sita usiku.

14:11 Shangazi Rehema: 64! Utalaliwa na mtu anayekuzidi karibu kilo 5. Akishakukalia juu ni pointi 4 zake na hutoki hapo.

14:30 Ami Idi: Dada

14:30 Ami Idi: Mimi niliyavaa hayo makoti mawili. Nilifika ulingoni?

14:32 Shangazi Rehema: Idi, hayo ya ndondi tulishayamaliza.

14:32 Ami Idi: Uliyamaliza wewe

14:33 Zuhura: 👀

14:35 Shangazi Rehema: *Ujumbe huu umefutwa*

14:50 Juma: Ila kweli hodi imenikaa kichwani

19:02 Bibi: Rehema. Idi nilimpepea mimi. Wa pili simpepei. Salma kula

19:40 Shangazi Rehema: Sawa Mama.

19:41 Zuhura: Shikamoo Bibi

19:41 Juma: Shikamoo Bibi

20:10 Shangazi Rehema: Basi kama ni 64, Salma usisubiri akuvute. Ukimwangusha wewe ni 2. Ukiivuka miguu yake ukamdhibiti ni 3, lakini mshike sekunde 3 kamili, ukiteleza hawakuhesabii. Chukua zako mapema, ulinde.

20:12 Juma: Mrukie umbane kiuno kwa miguu, nimeona kwenye video

20:25 Salma: Mkanda mweupe haturuhusiwi kuruka hivyo Juma

20:26 Juma: Basi mpigishe hodi

21:55 Shangazi Rehema: Salma umeshabadilisha?

22:30 Shangazi Rehema: Salma

23:20 Shangazi Rehema: Hamisi, mwanao yuko wapi?

23:44 Salma: Ukurasa unazunguka tu haufunguki. Najaribu tena

23:51 Ami Idi: Gari langu lipo. Nyuma watatu. Mbele anakaa Bibi.

ALHAMISI

00:20 Shangazi Rehema: Salma??

06:15 Hamisi: Asalaam aleikum. Ni Jumamosi hii au ijayo?