Ukuta wa vifuniko Mikindani: watoto wamejaa, wakubwa tuwapateje?

mwana_mikindani
Wakuu habarini, na wakubwa zangu shikamooni. Naombeni mawazo. Huku kwetu Mikindani, Mtwara, kuna ukuta mrefu karibu na pale boti zinaposhusha samaki, umekaa mtupu miaka yote, sasa mwenyekiti wa mtaa katupa ruhusa tuupambe. Mimi na wenzangu tunataka tuweke picha kubwa, siyo ya kuchora kwa brashi, ya vifuniko vya chupa za maji na soda, ndala zilizokatika zinazotupwa na bahari, na vipande vya nyavu kuukuu. Vitu vyenyewe bure kabisa, maji yakitoka asubuhi ukipita ufukweni unaokota mpaka mgongo unauma.

Watoto wamelipokea kwa mikono miwili. Wanaleta vifuniko kwenye ndoo wameshavitenga wenyewe, bluu huku, vyekundu huku, kuna kabinti kanakataa kabisa kuchanganya bluu ya maji na bluu iliyokoza, anasema bahari ina rangi mbili na ukisimama pale juu bomani unaziona. Shida wakubwa. Wanapita wanatuangalia, wanasema hongereni, wanaenda zao. Mama mmoja kauliza posho iko wapi, na simlaumu maana miradi mingi ikija inakuja na karatasi ya kusaini na soda.

Mimi ninachotaka siyo picha tu. Pale mwaloni kuna wavuvi wenyeji na kuna wa dago, wale wageni wanaokuja kupiga kambi kuvua, hawaelewani vizuri, kila kundi na kivuli chake cha kukaa. Na wazee hawajui vijana wanafanya nini siku hizi. Nataka watu wakae sehemu moja wafanye kitu kwa mikono yao. Hapo mnanishaurije? Na swali la pili, kwa jua hili na chumvi hii vitu vitadumu kweli?

fundi_chuno
Hongera sana mdogo wangu, nikuanzie la pili maana ndo kazi yangu. Cha kwanza usichanganye vizibo na vifuniko. Vile vizibo vya soda ya chupa ya kioo ni chuma, kwa upepo wa Mikindani ndani ya muda mfupi vinatoa kutu na kutu inatiririka ukutani inachafua kila kitu. Vya plastiki havina kutu. Na kama mnapata vile vya kuzungusha vya chupa za pombe kali, vingi ni alumini, hivyo vikusanyeni vizuri ni mali. Kuna msanii mkubwa wa Ghana anaitwa El Anatsui, kaishi na kufanyia kazi Nsukka kule Nigeria miaka mingi, anachukua hivyo hivyo, vinapondwa vinakuwa bapa, vinatobolewa, vinaunganishwa na waya wa shaba mpaka linakuwa pazia kubwa la kufunika ukuta wa jengo, mwaka 2015 kwenye maonyesho makubwa ya sanaa kule Venice, Italia, walimpa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote. Na hafanyi peke yake, ana vijana wengi wanakaa wanashona vipande, kila mtu na kipande chake, halafu ndo vinaungwa.

Nyie kwa plastiki msihangaike na gundi, itabanduka. Piga plasta sehemu ndogo ndogo, ikiwa bado mbichi bonyeza kifuniko mdomo ukiangalia ukutani, ile plasta inaingia ndani na kushika kwenye zile nyuzi za kufungia chupa, hakitoki hicho. Mchanga wa ufukweni USITUMIE, una chumvi, plasta itapukutika, tafuteni mchanga wa mto. Rangi ya mafuta kwenye vifuniko haikai, itachubuka, tumieni rangi vilivyozaliwa nayo. Jua litapausha tu, nyekundu huwa inawahi, kwa hiyo wekeni akiba ya vifuniko muwe mnabadilisha. Ndala zishoneeni kwenye wavu kwa uzi wa nailoni wa kuvulia, waya wa kawaida utaliwa na kutu.

Na kama mtaingiza matairi toboeni chini maji yatoke, tairi likituamisha maji ni kiota cha mbu wa dengue, Dar mwaka 2019 watu waliteseka sana. Na jamani msiyeyushe plastiki kwa moto mbele ya watoto, ule moshi ni sumu.

mama_ukili
Marahaba mwanangu. Mimi nipo Msanga Mkuu ng'ambo hapo, nimesoma nikasema ngoja nimjibu huyu kijana. Wewe umewaita watu waje kwenye ukuta wako, ndo maana wanapita. Peleka kazi walipokaa.

Angalia sisi tunavyosuka. Jamvi ni kubwa lakini hakuna anayekaa kulisuka jamvi, kila mmoja anasuka ukili wake, ule ukanda mwembamba, nyumbani, kwenye msiba, barazani, akiwa anaongea habari zake, mkono unakwenda wenyewe. Ukishakuwa mrefu wa kutosha ndo zinashonwa pamoja. Na nyie kata nyavu vipande virefu vyembamba, peleka kila nyumba kipande na kifuko cha vifuniko na ndala zilizokatwa, waambie wapange wanavyotaka wao. Kuna watu hawatakuja kusimama mbele ya ukuta wakiangaliwa, ila nyumbani watashona, tena vizuri kukushinda. Siku ya kuunganisha utaona wanavyokuja mbio kutafuta cha kwao kimewekwa wapi.

Halafu angalia maji. Bamvua, maji yakitoka mbali, usiite akina mama, tupo mwambani tunachokoa pweza, utabaki na watoto wako. Ita maji mafu, siku yasipotoka sana. Wavuvi nao ukiona upepo wa kusi umekaza hawatoki, wamekaa wanashona nyavu, hapo ndo pa kuwakuta, huna haja ya kuwatoa kazini. Na korosho zikianza kuanguka sahau, kila mtu yuko shamba mpaka minada iishe.

Posho usiahidi hata kidogo. Ukimlipa mmoja leo kesho ni kazi yako, siyo ukuta wao. Ila chai iwepo na muhogo wa kuchemsha, kila nyumba ichangie kidogo, mtu akishaleta sukari yake anakaa.

mpingo_newala
Naunga mkono mama hapo juu. Mimi mchongaji, huku juu Newala. Kwenye vinyago vyetu kuna ile aina ya ujamaa, watu wamebebana, mmoja kasimama juu ya bega la mwingine toka chini mpaka juu, na yote ni gogo moja la mpingo. Kwa mawazo yangu picha yenu isiwe samaki na mnazi kama kila ukuta wa pwani. Waulizeni wazee. Mikindani ina milango ya nakshi ya zamani, yale maua na minyororo yanapangika vizuri sana kwa vifuniko maana ni duara na yanajirudia rudia.

Na asije mtu akawaambia takataka siyo sanaa. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini huyu, katokea Tunduru, alianza kwa kupaka rangi za baiskeli kwenye mbao za dari. Alitumia alichokipata, leo mtindo wake unajulikana dunia nzima.

Hilo la wenyeji na dago ndo limenigusa. Ng'ambo ya Ruvuma hapo, kwa wenzetu wa Msumbiji, vita viliisha 1992, silaha zikabaki zimefichwa kila kona. Mwaka 1995 makanisa yakaanzisha mpango, unaleta bunduki unapewa cherehani au baiskeli au majembe, zile bunduki zinakatwa wasanii wa Maputo wanazigeuza viti na sanamu. Kiti kimoja kipo hadi leo jumba la makumbusho la Uingereza, London. Ukikitazama utaona vyuma vimeungana na huwezi kusema hiki kilitoka upande gani. Sisemi wavuvi wana vita, hapana. Nasema chukua wavu wa wenyeji na wavu wa dago, viungwe ukuta mmoja, na wao wenyewe ndo waviunge, maana fundi wa kuunga wavu ni mvuvi, siyo wewe wala mimi.

kijana_wa_sokoni
Mi naongeza moja ambalo hamjaligusa. Mtwara hapa kuna watu wanaishi kwa kuokota chupa, wanauza kwa kilo. Mkianza kukusanya chupa nzima mnawaharibia riziki. Chukueni vifuniko muwaachie chupa, vifuniko ni plastiki ya aina nyingine na wengi huwa wanavitupa tu. Na muwaite! Hakuna anayejua takataka za mji huu zilipo kama wale, lakini watu wanawapita kama hawawaoni. Mmoja wao akisimama kuwaonyesha watoto plastiki ipi ni ipi, mtaa mzima utaanza kumjua kwa jina.

Pia kwa wavuvi waonyesheni picha za Flipflopi, ile dau ya Lamu iliyotengenezwa kwa plastiki iliyookotwa na kufunikwa na ndala kama 30,000, iliingia majini 2018 na mwaka uliofuata ikasafiri mpaka Zanzibar. Waliounda ni mafundi wa majahazi wa kule kule. Mvuvi ukimwambia sanaa anaweza akaondoka, mwonyeshe chombo kinaelea uone kama hatakaa kukikagua mbao kwa mbao, japo mbao hamna.

mwana_mikindani
Asanteni sana jamani, sikutegemea kupata yote haya. Wazo la vipande vya kupeleka majumbani nalichukua kama lilivyo, nyavu ninazo za kukata. Na yule binti wa bluu mbili nampa upande wa bahari wote, apange yeye. Swali moja la mwisho kwa mama: hawa wa dago hawana nyumba hapa, vipande vyao nampa nani?

mama_ukili
Nenda kwa nahodha wao, jioni wakishapika, usiende mikono mitupu, wapelekee chumvi au ndimu. Na wavu wowote uliouona pale chini umelala usiukate kabla hujamuuliza, kuna nyavu utadhani zimetupwa kumbe mwenyewe anasubiri hela ya uzi. Akikupa mwenyewe kwa mkono wake, mwambie siku ya kuunganisha aje na sindano yake.