Mume wangu ni mwanaapollo (mchimbaji wa tanzanite), mapafu yameharibika na bado anataka kurudi shimoni. Nishaurini

MamaNasi
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, wale wa matusi piteni tu kimya kimya.

Mimi na mume wangu tulikutana hapa hapa Mererani, mimi nauza chai na vitumbua yeye ni kijana wa kuchoronga, yaani kutoboa mwamba kwa drili, anatoka shimoni mweusi tititi meno tu ndo yanaonekana anakuja kunywa chai kwa mkopo. Kanioa hana kitu, tumelala njaa pamoja na tukacheka, kwahiyo anayetaka kusema nilifuata hela za tanzanite atulie maana hizo hela mimi sijawahi kuziona.

Mwaka jana akaanza kukohoa, akakonda, jasho usiku. Kupimwa, kifua kikuu. Kameza dawa miezi 6 yote mimi ndo nikimsimamia, makohozi yakawa safi ila pumzi haikurudi. Tukapewa rufaa Kibong'oto kule Siha, wakampiga picha wakasema TB imeisha lakini ana silikosisi, yaani vumbi la mwamba limeacha makovu kwenye mapafu na hayo makovu hakuna dawa ya kuyatoa. Daktari kamwambia mbele yangu, vumbi basi. Saa hizi akitoka sokoni na kilo mbili za unga lazima asimame njiani avute pumzi.

Sasa shida yenyewe. Shimo lao wanasema limeanza kuonyesha dalili za mawe. Na mnajua ya kule, hakuna mshahara, tajiri mwenye mgodi anatoa chakula na baruti, mzigo wa mawe ukitoka ndo mnagawana, na asiyekuwepo siku hiyo mgao wake unageuka stori. Anasema "mama Nasi, mapafu yangu nimeyaacha mle, jiwe langu simwachii mtu." Wiki ijayo anataka kushuka. Nimelia, nimenuna, nimemfichia buti akaenda kuazima. Kwetu wananiambia rudi nyumbani na watoto kabla hujawa mjane. Sitaki kumuacha, nampenda yule mtu. Nimzuieje?

Chalii_Kijenge
Pole sista. Ila mimi ningemwacha jamaa amalizie, Laizer wa hapo Mererani 2020 alitoa mawe mawili ya tanzanite serikali ikamlipa zaidi ya bilioni 7, je angekata tamaa?

BabuKitaluB
@Chalii_Kijenge we dogo Laizer alikuwa mwenye mgodi, hakuwa mtu wa kushika drili kwenye shimo la mwenzie. Msidanganye watu. Kwa kila mmoja aliyepiga picha na mawaziri kuna vijana sijui wangapi wamerudi kwao Singida na Kondoa wanakohoa, hao hawaji kwenye TV.

Binti yangu mimi nimechoronga Kitalu B hapo hapo Mererani tangu ujana, mvua za 1998 maji yalipoingia mashimoni yakaua vijana wetu nilikuwa nimepanda juu kula, 2008 yakaja tena. Siku hizo mke wangu alikuwa anasimama njiani anahesabu wanaorudi. Kwahiyo najua unapopita. Na najua pia anachosema mumeo, hiyo siyo tamaa. Ni mtu aliyefanya kazi miaka bila kulipwa na malipo yake yako chini ya mwamba, ukimwambia tu "acha" anasikia unamwambia alikuwa mjinga miaka yote.

Dada_Msemakweli
Rudi kwenu. Mwanaume anayekupenda hawezi kuchagua jiwe akuache na yatima. Period.

MamaNasi
@Dada_Msemakweli ahsante ila yeye anaamini anashuka kwa ajili yetu, hapo ndo pagumu. Angekuwa mlevi au ana mchepuko ningeshabeba watoto zamani.

Daktari_wa_Kata
Dada naomba hii umsomee. Lile vumbi jeusi ni grafaiti, linamchafua anaoga linatoka. La hatari zaidi ni la silika linalotoka pale drili inapotoboa mwamba mkavu, chembe zake ni ndogo kiasi kwamba hazionekani kwa macho na kitambaa puani hakizuii kitu. Kuchoronga kwa maji kunapunguza vumbi ila kwa mapafu yaliyokwisha kuwa na makovu mimi simruhusu hata hivyo. Silikosisi inaweza kuendelea hata akikaa nyumbani, akiongeza vumbi itakwenda mbio zaidi. Na mwenye silikosisi anashikwa na TB kirahisi kuliko mtu mwingine, hata kama alishapona mara ya kwanza, akiileta tena ndani kwako wapo watoto. Wewe na watoto mlipimwa? Kama bado nendeni kituoni, ni bure, na wadogo chini ya miaka mitano wana dawa yao ya kinga. Sigara kama anavuta aache leo.

MamaNasi
@Daktari_wa_Kata tulipimwa tuko salama, mdogo alipewa dawa ya kinga akamaliza. Sigara aliacha mwenyewe.

Wakili_Mtoro
Mimi naona mnagombana juu ya kushuka wakati kinachomuuma ni mgao. Tibuni hapo. Je jina lake liko kwenye orodha ya wachimbaji wa mgodi huo? Kuna maandishi yoyote? Kama hakuna, aende kwa meneja na tajiri akiwa na cheti cha hospitali wakubaliane kwa maandishi kwamba kazi aliyofanya mpaka sasa ina asilimia fulani mzigo ukitoka. Tajiri akileta chenga, nendeni kwa viongozi wa MAREMA (chama cha wachimbaji) au ofisi ya madini hapo hapo Mererani, na afisa kazi. Pia silikosisi ni ugonjwa wa kazini, mwajiri kisheria anatakiwa awe anachangia WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), ulizeni mapema msikae nayo. Sikuahidi itakuwa rahisi, bila mkataba watasema huyu hatumjui.

Chalii_Kijenge
Tajiri gani atasaini hiyo karatasi bana, tuwe serious

BabuKitaluB
Wapo wanaosaini, wengine wanaogopa laana kuliko polisi, hahaha. Mama Nasi kuna njia nyingine. Aombe kazi ya juu, winchi au kulinda kompresa. Anabaki kwenye orodha, kila asubuhi anapita geti la ukuta unaozunguka migodi na wenzie, mzigo ukitoka yupo na anauona kwa macho yake. Mgao wa juu ni mdogo kuliko wa mchorongaji, wenzie watamtania wiki mbili tatu kisha watasahau. Ila asikubali kuchekecha udongo, pale vumbi ni lile lile.

MamaNasi
Nimemsomea yote. Ya daktari alisikiliza ameangalia chini. Ya Babu akaniuliza huyo mzee alikuwa shimo la nani, basi nikajua imemwingia. Kushuka hajasema ameacha, kasema ataongea na meneja kwanza, na meneja ni ndugu wa shemeji yangu kwahiyo Jumamosi nitakuwepo nataka nisikie mwenyewe. @Wakili_Mtoro hiyo karatasi ikiandikwa kwa mkono inafaa?

Wakili_Mtoro
Inafaa. Tarehe, majina kamili, sahihi za wote na mashahidi wawili, mmoja atoke upande wenu. Halafu toa kopi, ile ya kwanza usimwachie mumeo aende nayo mgodini.