Kwa nini Pixinguinha aliiacha filimbi?

Msikilizaji wa Choro:
Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Pixinguinha, mwanamuziki wa Brazili wa mtindo wa choro (muziki wa ala wa nchi hiyo), aliyezaliwa mwaka 1897 na kukulia Rio de Janeiro, alikuwa mwana wa mpiga filimbi, na mwaka 1922 alikwenda Paris na kundi la Oito Batutas akiwa yeye ndiye filimbi yao. Mbona basi katika rekodi za kuanzia 1946 anapiga saksafoni ya teno, huku filimbi ikiwa mikononi mwa Benedito Lacerda? Je, uwezo wake ulikuwa umekwisha?

Mzee wa Santuri:
Ndugu, wengi hutaja pombe, ambayo inasemekana ilimharibia utulivu wa mikono na midomo, pamoja na madeni yaliyomlazimu kukubali kazi aliyoletewa na Lacerda. Hata hivyo, sikubaliani na neno "kwisha". Akiwa kijana, Pixinguinha alirekodi na kundi la Choro Carioca, ambamo mwalimu wake, Irineu de Almeida, alipiga ala ya shaba yenye sauti nzito, akisuka wimbo wa pili chini ya filimbi ya mwanafunzi wake. Miaka thelathini na kitu baadaye, mwanafunzi alishika nafasi ya mwalimu. Sikiliza saksafoni peke yake, ukiisahau filimbi kwa muda, nawe utaona kwamba haimsindikizi Lacerda tu, bali inamjibu, inamtangulia, na mara nyingine inamchokoza.

Binti Noti:
Naafiki kuhusu muziki, ila suala la hakimiliki lisipitwe kimyakimya. Kipande cha choro kiitwacho "1 x 0" kinahusishwa na ushindi wa Brazili dhidi ya Uruguay katika soka mwaka 1919, wakati Lacerda, aliyezaliwa 1903, alikuwa na miaka 16; lakini jina lake limeandikwa humo kama mtunzi mwenza, kama ilivyokuwa kwa tungo nyingine nyingi za Pixinguinha walizorekodi pamoja. Mapatano hayo ya kumwandika Lacerda kama mtunzi mwenza yalimpa Pixinguinha ahueni ya fedha, nami bado nayaona kuwa ghali mno.

Mzee wa Santuri:
Hapo sina ubishi, Binti Noti. Naongeza tu kwamba Lacerda alikuwa mpiga filimbi hodari kwelikweli, na bila wepesi wa vidole vyake saksafoni ile isingepata wa kushindana naye.