Mjadala: Wastaafu wa kigeni kutozwa kodi ya asilimia 7 kusini mwa Italia, ni haki kwa wenyeji?

Mleta mada:
Habari zenu wakuu. Kwenye magrupu ya ndugu zetu walioko Ulaya zinazunguka sana video za Scalea, mji wa watu kama elfu kumi na moja kwenye pwani ya Calabria, mkoa wa kusini mwa Italia. Fleti ndogo unaipata kwa euro 20,000 au 30,000, bahari iko pale chini, treni ya Napoli inasimama hapo hapo. Halafu kuna sheria ya kodi iliyoanza 2019: mstaafu anayetoka nje akihamia mji mdogo wa kusini, anatozwa asilimia 7 tu ya mapato yake ya nje, hadi miaka 10. Mwitalia wa kawaida kodi yake ya mapato inaanzia asilimia 23.

Mimi napinga. Mtu kuhama ni haki yake, hama unakotaka. Ninachopinga ni serikali kumvuta mgeni kwa nafuu ambayo jirani yake hana. Tujiulize kwanza kwa nini nyumba za Scalea ni za bei rahisi. Fleti zile zilijengwa kupita kiasi miaka ya 1970 na 1980 ili watu wa Napoli waje kupumzika kiangazi, na sehemu kubwa ya mwaka hazina mtu. Vijana wa Calabria wenyewe wako Milano, Torino na Ujerumani, maana kwao kazi hakuna. Sekta ya afya ya mkoa mzima iliwekwa chini ya usimamizi wa serikali kuu 2010 kwa sababu ya madeni. Mwaka 2022 mkoa ukaingia mkataba wa kuleta madaktari hadi 497 kutoka Cuba ili wodi zisifungwe. Sasa kwenye foleni ya daktari huyo huyo tunamwongeza mzee wa miaka 70 anayechangia asilimia 7. Pengo linazibwa na nani? Na muuza samaki wa Scalea.

Leicester:
Kaka, shikamoo kwa hoja, lakini hapo kwenye matibabu si kweli. Mimi ni nesi mstaafu, pasipoti yangu ni ya Uingereza. Mstaafu anayepata pensheni ya serikali ya Uingereza akihamia Italia anapewa fomu ya S1, na gharama za matibabu yake zinalipwa na Uingereza. Halafu unasema asilimia 7 dhidi ya 23, kana kwamba bila hiyo sheria ningekuja nilipe 23. Nisingekuja kabisa. Kinachonunuliwa pale ni mkate, gesi, fundi bomba, kahawa ya asubuhi, Januari kama Agosti.

Na nitasema linaloniuma. Mwingereza akijenga Diani anaitwa mwekezaji. Mimi mzaliwa wa Mombasa nikitaka kuzeekea mahali penye jua, naambiwa najaza foleni.

Arusha:
Dada, kwani Mombasa jua limekwisha?

Leicester:
Wanangu na wajukuu wako Leicester. London hadi Napoli ni saa tatu hivi kwa ndege.

Mleta mada:
S1 ipo, sikatai. Lakini pesa inafika Roma, daktari hafiki Scalea. Uingereza ikilipa hata mara mbili, aliyeko zamu usiku ni yule yule mmoja.

Na wanaoshabikia video zile wasome masharti ya viza. Baada ya Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, Mwingereza anayetaka kuishi Italia bila kufanya kazi anatakiwa aonyeshe kipato kisichotokana na kazi cha takriban euro 31,000 kwa mwaka. Pensheni kamili ya serikali ya Uingereza haifiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo huu unafuu ni wa mtu ambaye tayari anazo.

Malindi:
Ndugu zangu, sisi haya tumeyaishi kutoka upande wa pili. Waitalia walikuja hapa na kituo cha anga cha Ngomeni miaka ya 1960, setilaiti ya kwanza ikarushwa 1967, kisha zikafuata hoteli na nyumba za kifahari hadi Watamu. Vijana wetu wanakizungumza Kitaliano bila kukisoma darasani. Faida ipo: wapishi, mafundi, walinzi, wavuvi wamelea watoto kwa pesa hiyo. Lakini kiwanja cha ufukweni mwenyeji hakigusi tena. Na utalii wa Waitalia ulipoyumba, mageti yalifungwa, familia zilizotegemea nyumba moja zikabaki hazina pa kushika. Asilimia ya kodi kwangu si hoja kubwa. Hoja ni mji mzima kuegemea pensheni ya mtu ambaye kesho anaweza kuuza na kuondoka.

Napoli:
Mimi kazi yangu hapa ni kulea wazee, naona kinachotokea. Miji midogo ya kusini haina upungufu wa wazee. Shule zinaunganisha madarasa kwa kukosa watoto, na mstaafu haleti mtoto.

Mkoa huo huo wa Calabria una kijiji cha Riace, upande wa bahari ya Ionio. Mashua ya Wakurdi ilifika huko 1998, na baadaye meya Domenico Lucano akawapa wakimbizi nyumba zilizoachwa. Shule ikapata wanafunzi, karakana zikafunguliwa. Mwaka 2018 akakamatwa, 2021 akahukumiwa zaidi ya miaka 13. Rufaa ya 2023 ikaipunguza hadi mwaka mmoja na nusu, tena bila kwenda jela, na 2024 wananchi wakamrudisha umeya. Mwenye pensheni anapunguziwa kodi, aliyeleta familia zenye watoto anapelekwa mahakamani. Mimi hapo ndipo roho inaponiuma.

Leicester:
Ya Riace nayakubali yote, na mimi sijamzuia mkimbizi yeyote. Waje wote. Hiyo 7 waifanye 15, ila nyongeza ibaki Scalea, iajiri daktari na mwalimu. Nitailipa bila kunung'unika.