Mtoto aliyekulia kwenye vipigo: darasani anazubaa, akishtuka anaingia chini ya dawati

MwalimuZamu: Habari zenu wanajamvi. Mwanafunzi ana miaka 9, ametoka kwenye nyumba ya vipigo na sasa analelewa na bibi yake. Akili anayo, ukimuuliza kwa mdomo mkiwa wawili anajibu vizuri. Ila kunakili sentensi moja ubaoni ni dakika kumi: anaandika maneno mawili, anageuka kuangalia mlango, akirudi hajui alipoishia. Ukimpa maelekezo ya hatua tatu, anafanya ya kwanza tu. Mlango ukijibamiza, yuko chini ya dawati. Nimemhamishia mstari wa mbele nimwone vizuri, amezidi. Wenzangu wanasema hii ni shida ya kukosa umakini na utulivu, apelekwe akapimwe. Nianzie wapi? Na nimuulize yaliyomkuta?

Mnasihi_K: Mwalimu, anza na kiti. Mstari wa mbele umemwachia darasa zima mgongoni, watu asiowaona. Mweke pembeni, mgongo ukutani, mahali anapouona mlango bila kugeuza shingo. Hilo unalifanya kesho asubuhi na halina gharama.

Sababu ni hii. Mtoto aliyezoea hatari, sehemu ya ubongo inayopiga king'ora, yaani amigdala, huwaka upesi na kuchelewa kuzima. Homoni za taharuki, adrenalini na kortisoli, zikipanda, sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga na kushikilia mambo kichwani, inafanya kazi nusunusu. Sasa tazama kunakili ubaoni: asome, ashike maneno kichwani, ashushe macho, aandike, apandishe macho, autafute tena mstari. Akigeuka mlangoni katikati ya safari hiyo, maneno yameshamwagika. Mwandikie sentensi kwenye karatasi, iweke kando ya daftari. Maelekezo mpe moja moja. Maswali kumi yakate mafungu ya matatu au manne, lakini usiyarahisishe: akipewa kazi za watoto wadogo atajua umemkatia tamaa.

Mabadiliko yatangaze mapema: "bado dakika tano tunafunga vitabu", kisha "bado mbili".

Akiingia chini ya dawati, usimvute wala usimwite kwa sauti kubwa. Chuchumaa kando yake, si mbele, usimzibie njia, acha nafasi ya kama mikono miwili kati yenu. Sema kwa ufupi: "Ni mlango, umepigwa na upepo. Nipo hapa." Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi. Maneno mengi kwake ni kelele juu ya kelele. Akianza kukutazama, mwambie asukume ukuta kwa viganja, hesabu hadi kumi, mara tatu. Wengine hutulia kwa pumzi, kuvuta kwa hesabu ya tatu na kutoa kwa tano, macho wazi. Lolote utakalochagua, lifundishwe siku ametulia, tena kwa darasa zima ili asionekane wa peke yake. Kumfundisha mtoto kupumua akiwa tayari ametaharuki ni sawa na kumfundisha kuogelea akiwa anazama.

TabibuWatoto: Nakubali yote, ila vipimo msivitupe. Shida ya umakini na kiwewe, yaani jeraha la moyoni linaloachwa na mambo ya kutisha, hufanana sana, na mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Shida ya umakini huonekana shuleni na nyumbani pia, kwa miezi 6 au zaidi, na dalili zake huanza kabla ya miaka 12. Ya kiwewe hupanda na kushuka kufuatana na vichochezi, na mara nyingi huja na jinamizi, kushtukashtuka na kukwepa watu au mahali fulani. Kwa wiki mbili andika: saa, kilichotangulia, alichofanya, alichukua muda gani kutulia. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko neno "mtukutu". Apimwe pia macho na masikio. Usingizi nao uulizeni: umri wake anahitaji saa 9 hadi 12, na mtoto anayeogopa kulala hazifikishi.

Jambo moja linanikera: walimu kugawa lile dodoso la madhila kumi ya utotoni, yaani maswali ya kuhesabu mabaya yaliyompata mtu akiwa mdogo. Chimbuko lake, utafiti wa madaktari Felitti na Anda wa 1998, uliwauliza watu wazima, ukatazama afya zao kwa wingi wao. Alama zile hazimpimi mtoto mmoja mmoja.

DadaUstawi: Kuhusu kumuuliza: hapana, usimhoji. Maswali ya kuongoza, kama "alikupiga kwa mkanda, siyo?", yanampandikizia maneno na yanaweza kuharibu ushahidi. Akijisemea mwenyewe, sikiliza. Usiahidi siri, maana hutaweza kuitunza. Mwambie amefanya vizuri kusema na kwamba si kosa lake. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, umfikishie anayeshughulikia ulinzi wa watoto siku hiyohiyo.

Tiba ni kazi ya mtaalamu. Tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe huchukua kwa kawaida vikao 12 hadi 16, na mlezi hushiriki. Kwa hiyo bibi aandaliwe mapema, asiwe wa kusubiri nje ya mlango tu.

MwalimuZamu: Asanteni sana. Na akimpiga mwenzake? Wazazi wa wenzake hawatanielewa.

Mnasihi_K: Mipaka inabaki palepale. Kiboko hapana, kwake kinathibitisha kwamba watu wazima wote ni walewale. Kumfungia peke yake hapana. Kwanza atulie, na usikimbilie "kwa nini umefanya hivyo?", kwa sababu mara nyingi hajui. Uliza "kabla ya hapo kulitokea nini?" Halafu arekebishe kitu kinachoshikika: aokote vitabu alivyomwaga, abandike ukurasa aliouchana. Wazazi waambie hatua ulizochukua, historia ya mtoto usiigawe.

Na siku usipokuwepo, ndipo mambo huharibika. Mwachie atakayekushikia kipindi kadi ya mistari minne: anapokaa, kinachomshtua, kinachomtuliza, nani aitwe. Mtoto naye aambiwe jana yake kwamba kesho utakosekana na nani ataingia.